Nzele Yenye Pengo

Juzi dereva wa lori aliniletea bwenini kibuyu cha uji mchachu kutoka nyumbani. Mama alikuwa amekiziba mdomo kwa gunzi la mahindi, na nilipoling'oa, chumba kizima kikajaa harufu ya mtama uliochacha na ya mkaa uliosuguliwa ndani ya kibuyu. Mwenzangu wa chumbani, msichana wa pwani mwenye pua ya heshima, alikimbilia dirisha.

"Ndanu, kuna kitu kimekufa humo?"

Nilivuta ile harufu tena, na mara moja sikuwa tena mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye mtihani wa falsafa Jumatatu. Nilikuwa mtoto mwenye magoti ya vumbi, kusini mwa Kitui, mbele kidogo ya Ikutha, nimejibanza jikoni kwa bibi yangu nikinywa kwa siri kitu nilichokatazwa.

Haikuwa pombe, msije mkanidhania mabaya. Ulikuwa uji uleule tuliokunywa sote. Kosa lilikuwa chombo.

Kwetu uji hunywewa kwa nzele, yaani kibuyu kilichopasuliwa kati na kukaushwa hadi kikawa bakuli jepesi. Nzele za nyumbani zilichorwa kwa kisu cha moto: moja ilikuwa na twiga, nyingine nyota, nyingine nge aliyefanana zaidi na mbuzi. Moja tu haikuwa na mchoro wowote. Ilikaa peke yake juu ya kijiti nyuma ya mlango, na ukingoni ilikuwa na pengo dogo lililochomwa kwa waya, ili hata mtu akiichukua gizani midomo yake imwambie amekosea. Hiyo ilikuwa ya shangazi Munyiva.

Shangazi Munyiva, mdogo wake baba, alikuwa na kifafa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa kucheka, na sauti yake ilitoka tumboni kama ya mwanamume. Alikuwa ameolewa Zombe. Siku moja akaanguka karibu na mafiga, akaungua mkono, na wakwe zake wakamrudisha kabla kidonda hakijapona, pamoja na chungu alichokuwa akipikia, wasije wakakitumia. Babu alimkatia kipande cha shamba mlimani ili asiwe mgeni kwao, kisha haukupita muda babu mwenyewe akafariki.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Kijijini waliniita Kwanini, na si kwa kunisifu. Kwa hiyo niliuliza: kwa nini shangazi ana nzele yake? Majibu nilipewa mengi. Mganga wetu alisema ni aimu, mizimu ya ukoo, inamtaka, na kwamba lazima ipigwe ngoma ya kilumi ili itulie. Ikapigwa, mbuzi wakaliwa, shangazi akaanguka wiki iliyofuata kama kawaida. Mwalimu wa kanisa alisema ni pepo mchafu. Mwenye duka wa Ikutha, mzee wa kofia ya kiua aliyetoka pwani, alisema ni jini, akamfungia hirizi, na alimfungia kwa huruma ya kweli. Mimi nikaona kwamba watu hawa watatu hawawezi wote kuwa sahihi. Hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote duniani, ila hili moja: nisinywe kwenye nzele ya shangazi, maana mate yake yataniambukiza.

Nikaamua kupima.

Nilianza na jogoo. Kila jioni nilimnywesha maji kwa nzele ya pengo, halafu nikachuchumaa nikimngoja aanguke. Jogoo alinitazama kwa jicho moja, akaendelea na maisha yake ya kuwasumbua kuku wa jirani. Alinenepa. Krismasi ilipofika akachinjwa kwa heshima ya mwalimu wa kanisa, ambaye alimla hadi akanyonya mifupa, akashukuru kwa sala ndefu. Nilimtazama naye kwa muda mrefu. Hakuanguka.

Baada ya hapo nikanywa mwenyewe. Mvua zikaja na kwisha, mimi nanywa. Uji wa shangazi ulikuwa mtamu kuliko wetu, kwa sababu Susu, ndivyo tunavyomwita bibi, alimwongezea maziwa kwa siri. Siku shangazi aliponikuta nyuma ya mlango, nzele ikiwa imenifunika uso, nilidhani atanichapa.

"Unafanya nini?"

"Napima, shangazi."

"Unapima nini?"

"Kama kitaingia."

Nilisikia nzi wakizunguka chungu.

"Na kikiingia?"

"Tutakuwa wawili," nikasema.

Alikaa chini pale pale, kwenye majivu, akafunika uso kwa leso. Nilifikiri analia. Alipoiondoa, machozi yalikuwapo kweli, lakini alikuwa anacheka kwa nguvu hadi pengo la jino lake la mbele likaonekana lote. Kuanzia siku ile alinywa nusu, akanibakizia nusu.

Na kuanzia siku ile alinifundisha. Alinionyesha mwili wake kama mwalimu anavyoonyesha ramani. "Jino hili ni mwiko. Walinitia mwiko mdomoni nisijing'ate, wakalivunja. Hapa begani ni baba yako mkubwa, alinikandamiza kama fahali. Hapa ni jiwe. Mkono huu ni moto. Na puani, sikiliza, kila nikiamka nakuta mtu ananiunguzia kiatu cha ngozi chini ya pua, nadhani nimefika jehanamu na Shetani anashona viatu." Kisha akaacha mzaha. "Nikianguka, ondoa jiwe, ondoa moto. Nilaze ubavu, mate yatoke. Usinitie kitu mdomoni, usinishike kwa nguvu. Kaa ungoje. Huwa narudi mwenyewe, Ndanu. Hakuna aliyewahi kunirudisha."

Sasa niwaambie kilichokuwa kinamnyima usingizi, kwa sababu haikuwa kuanguka.

Lilikuwa lile shamba lake la mlimani. Miaka ile serikali ilitaka kila mteremko wa Ukambani uchimbwe matuta ya kuzuia maji, na kweli udongo wetu ulikuwa unaondoka kila mvua, mwekundu, kama damu ya ng'ombe. Chini ya shamba la shangazi lilikuwa la baba mkubwa Nzioka. Matope yote ya juu yalimshukia yeye. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyechoka kufukua mihogo yake kutoka kwenye tope. Akasema mbele ya ukoo: "Mvua ya Novemba ikikuta mlima ule haujachimbwa, nauchukua mimi. Nitauchimba na vijana wangu, na Munyiva atakula kwangu."

Atakula kwangu. Yaani kwa nzele yake, nyuma ya mlango, mpaka afe.

Mtu mmoja hawezi kuchimba mlima. Matuta yalichimbwa na mwethya, kikundi cha wanawake wanaozunguka shamba la huyu leo, la yule kesho, kwa jembe na wimbo. Na mwethya wetu ulikuwa na desturi yake. Jua likifika utosini, mwenye shamba alileta uji, na nzele moja ilizunguka mstari mzima, mdomo hadi mdomo. Aliyekunywa humo alikuwa mwanachama, na lazima shamba lake lichimbwe. Ambaye hajanywa angeweza kuchimba mpaka mikono itoke malengelenge, wangemwambia asante, na shamba lake likabaki vilevile.

Shangazi alichimba. Mwaka mzima alikwenda mashamba ya wenzake, akawekwa mwisho wa mstari, nafasi ya mtu mzima ikiachwa kati yake na wa pili. Uji ulipokuja alijitenga chini ya mgunga na nzele yake ya pengo. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwita.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa shambani kwa mama yangu, na mawingu ya Novemba yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Makueni, ng'ambo ya mto Athi. Mimi nilitumwa kubeba uji, pamoja na kibuyu kidogo ambacho Susu alimtilia shangazi wa kwake. Kiongozi wa mwethya alikuwa Syombua, mama mnene wa goti bovu na sauti ya tarumbeta, ambaye ndiye aliyetoa wimbo na wengine wakajibu. Asubuhi ile homa ilikuwa imemkaba koo. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Wimbo ukafa. Na wimbo ukifa, majembe yanakumbuka kwamba ni mazito. Wanawake wakaanza kusimama, kushika viuno, kutazama mawingu.

Ndipo kutoka mwisho kabisa wa mstari sauti ya shangazi ikaanza. Haikuomba ruhusa. Aliuchukua wimbo pale ulipoangukia, akaupandisha, na majembe yakainuka yote pamoja, udongo ukarushwa upande wa juu, puu, puu, puu, kama moyo wa mnyama mkubwa. Sijawahi kuona wanawake wakichimba vile. Hata Syombua alikuwa anacheka huku anakohoa. Jua lilipofika utosini walikuwa wamemaliza kazi ya siku nzima.

Uji ukaja. Nzele ya nyota ikaanza safari yake. Na shangazi, aliyewachimbisha wote, akaokota nzele yake akaenda chini ya mgunga.

Hapo mimi nikashindwa. "Hakiambukizi!" nikapiga kelele. "Mimi nimekunywa kwenye nzele yake tangu mvua ya mwaka jana! Na jogoo alikunywa! Na mwalimu wa kanisa alimla jogoo!"

Nimewahi kusimama mbele ya maprofesa tangu siku ile, lakini sijapata tena ukimya wa namna hiyo. Mama alidondosha jembe. "Ndanu! Nitakuua leo, nikuzike leo!"

"Ngoja kwanza," akakwaruza Syombua. "Mtoto, njoo. Fungua mdomo." Akanitazama ulimi kama mnunuzi wa mbuzi sokoni. Akanivuta kope. "Mbona mzima?"

"Kinachelewa," akasema Ndunge, jirani yetu, mwanamke aliyeogopa hata kinyonga. "Kinakaa ndani. Mjomba wangu kilikaa hadi akaota mvi."

"Mjomba wako alikuwa na pombe, Ndunge."

"Basi kunywa wewe!"

Hakuna aliyesogea. Shangazi alikuwa amesimama akisikiliza maisha yake yanavyojadiliwa. Akaweka nzele chini taratibu, akasema, "Waacheni. Ndanu, twende," akapiga hatua moja kuja kwangu, akatoa ile sauti niliyoijua, akaanguka.

Mwethya ukalipuka kama kundi la kanga. Wengine walipanda mlima, wengine wakashuka. Ndunge alilivuka boma la miiba bila kuliona, akaliachia nusu ya leso yake. Na Syombua wa goti bovu, Syombua aliyehitaji mtu wa kumwinua kila anapoketi, aliwapita wote.

Nikabaki mimi. Niliogopa. Lakini mikono yangu ilikuwa na kazi, na hilo lilinisaidia. Jembe nililiondoa. Jiwe nililisukuma kwa mguu. Mwili wake ulipokuwa unatikisika niliweka leso iliyokunjwa chini ya kichwa, nikamgeuza ubavu, povu likatoka likaenda kwenye udongo, likafanya kitone kidogo cheusi. Mama akaja mbio na mwiko wa uji. Aliogopa, maskini, lakini alikuja, jambo ambalo wengine hawakufanya.

"Hapana, mama! Mwiko ndio uliovunja jino!"

"Sasa tufanye nini?"

"Tungoje. Huwa anarudi."

Mama akachuchumaa kando yangu. Tukangoja. Kwa mbali niliona vichwa vikichomoza nyuma ya vichaka, kimoja baada ya kingine. Mwili wa shangazi ukalegea, pumzi ikaanza kupita kwa sauti ya mtu aliyelala. Vichwa vikasogea. Alipofumbua macho, wanawake walikuwa wamesimama mduara mkubwa, kila mmoja akijifanya hakuwa amekwenda mbali.

Shangazi alinusa hewa. "Leo hakuna kiatu," akasema kwa ulimi mzito.

Akalala tena kidogo. Alipokaa, alinitazama mimi, kisha mama, kisha ule mduara wa vumbi. "Mlikimbia wote?"

Ndunge akaanza kung'oa miiba kwenye leso yake.

"Hata Syombua?"

"Huyo alikuwa wa kwanza," akasema mama.

"Na lile goti?"

Sijui nani alicheka kwanza. Nadhani ni Syombua mwenyewe, kicheko cha mlango mkavu, halafu kikasambaa hadi wakaanza kushikana. Na hapo shangazi Munyiva, akiwa bado amekaa chini, majani kwenye nywele, akaanza kuimba. Katika mwethya kuna haki moja ya zamani: anayetoa wimbo anaweza kumsema yeyote, na anayesemwa lazima ajibu pamoja na wengine, la sivyo amekasirika, na mwenye kukasirika hulipa kwa kuchota maji. Kwa Kikamba wimbo ule ulikuwa na makali zaidi. Kwa Kiswahili naweza kuuleta hivi:

Syombua kaona mtu kalala, goti likapona!
*Ngoja, ngoja, atarudi.*
Ndunge kavuka miiba, leso ikabaki kutushuhudia!
*Ngoja, ngoja, atarudi.*
Ondoa jembe, ondoa jiwe, mlaze ubavu.
*Ngoja, ngoja, atarudi.*
Mwiko ni wa uji, usitafute meno.
*Ngoja, ngoja, atarudi.*

Wakajibu. Ndunge alijibu kwa kununa, lakini alijibu. Na walipofika mara ya tatu au ya nne, Syombua alikwenda chini ya mgunga kwa goti lake lililokumbuka ubovu, akaokota nzele ya pengo, akaitia uji wa kile kibuyu kidogo, akampa shangazi. Shangazi akanywa. Syombua akaipokea, akaigeuza pale pale midomo ya shangazi ilipogusa, akainywa hadi chini. Akajifuta.

"Una maziwa huu," akasema kwa hasira. "Muda wote huu alikuwa anakunywa wa maziwa!"

Nzele ile ikajazwa tena, ikazunguka mstari. Sitadanganya: wawili walijifanya wameshiba, na Ndunge aliufuta ukingo kwa leso aliyobakiwa nayo. Lakini ilizunguka. Kesho yake, na siku zilizofuata, mwethya ulikuwa mlimani kwa shangazi, na mimi nilikuwa juu ya mwamba nikiona matuta yakikata mteremko mmoja baada ya mwingine kama mistari ya daftari. Mvua ilikuja kwa kishindo, usiku na mchana. Asubuhi ya kwanza tulikimbia wote kutazama. Maji yalikuwa yametulia nyuma ya kila tuta, yakimeta, udongo uko juu mahali pake. Chini, mihogo ya baba mkubwa Nzioka ilikuwa safi kama imeogeshwa. Aliitazama kwa muda. Akaondoka, akarudi na kapu la mbegu za mbaazi, akaliweka miguuni pa dada yake. "Kwa shamba lako," akasema.

Shangazi akawa mtoa nyimbo wa mwethya, na Syombua hakuomba tena nafasi yake hata koo lilipopona. Shangazi aliitwa hadi Ikutha. Baadaye zahanati ilimpa vidonge, akapunguza kuanguka hadi tukawa tunasahau, na siku alipoviacha kwa kudhani amepona, akaanguka tena, akaamka, akaongeza ubeti kuhusu vidonge na mtu mjuaji anayeviacha. Alijisema mwenyewe kwa ukali kuliko alivyomsema Ndunge. Na nyimbo za kazi hazina mwenyewe. Zinatembea na wanaoolewa mbali, na wanaofuata soko.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyemwokoa shangazi. Si nilipima? Si nilithibitisha? Hata shuleni, walipotufundisha jinsi ya kufanya jaribio, nilijiona nimewatangulia wazungu kwa jogoo wangu. Imani hiyo ilikaa nami hadi likizo iliyopita, pale Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, nikingoja lori la kuvuka kwenda kwetu. Kijana mmoja muuza machungwa alianguka kati ya vikapu vyake. Muuza mbuzi mmoja akaanza kuvua kiatu, na mama mmoja nisiyemjua akakipiga kofi kikaruka barabarani. Mwingine alikuwa ameshaondoa kisu. Mwingine alikunja leso. Wakamlaza ubavu, wakakaa kumzunguka kumkinga jua, na huku wanangoja, kwa sauti ya chini, kama watu wanaopepeta mtama, wakaimba: *Ngoja, ngoja, atarudi.*

Machungwa yalikuwa yakibingirika. Nilishindwa hata kuyaokota.

Kijana aliporudi, niliwauliza wimbo wameutoa wapi. "Ah, ni wa kazi tu huo," akasema yule wa kofi. "Ulikuwako." Nikauliza Syombua wa ubeti wa kwanza ni nani. "Mtu fulani wa zamani mwenye goti." Juu ya jogoo hakukuwa na ubeti. Juu yangu mimi hakukuwa na hata neno.

Pale ndipo nilipoelewa. Ushahidi wangu haukumshawishi mtu. Ndunge alikuwa na mjomba wake tayari. Wanawake wale walikuwa wamekimbia kwa sababu mikono yao haikuwa na la kufanya, na shangazi aliipa mikono kazi, na midomo kicheko, kwa wimbo mmoja. Mimi nilikuwa nimethibitisha kwamba hakuna cha kuogopa. Yeye aliwafundisha jinsi ya kubaki.

Jioni ile nilimsimulia, tumekaa juu ya tuta la kwanza, mbaazi zimetupita urefu. Nilitegemea atalia au atajivuna.

"Walikuwa wanauimba haraka?"

"Polepole, shangazi."

"Vizuri," akasema. "Ukiimbwa haraka unakwisha mtu hajarudi."

Akanywa nusu, akanibakizia nusu.